Akisikia naingia, anafunga piano

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa piano hapa Malindi, mwanamke wa miaka 36. Nina wanafunzi 11, wote nawafundishia nyumbani kwangu, upande wa Barani. Piano yangu ni ya mbao, kuukuu. Niliinunua kwa hoteli moja ya ufukweni ilipokuwa ikifunga na kuuza vitu vyake. Upepo wa chumvi unaila nyuzi, na kila masika vibonye vitatu vya chini huvimba kwa unyevu vikanasa, mpaka nivinyanyue kwa kidole. Lakini ni piano kweli, na naipenda.

Nakuandikia kuhusu binti mmoja wa miaka 13, yuko Gredi ya 8. Alikuja kwangu akiwa na miaka 8, miguu haifiki chini, nikamwekea kibao cha mbuzi akanyagie. Amefanya mitihani ya ile bodi ya Uingereza, ABRSM, mpaka Gredi ya 3 ya piano, na katika huo wa tatu alipata 131 kwa 150. Daraja la juu kabisa la ufaulu huanzia 130. Mama yake aliitia cheti kwenye fremu. Novemba tunatarajia Gredi ya 4.

Tangu mwaka jana amebadilika. Anapiga kama mtu anayejaza fomu. Nota zote ziko sawa, na hakuna kitu ndani yake. Wiki hii kichwa, wiki ile tumbo. Katika nusu saa anaomba kwenda msalani mara mbili. Nimejaribu niliyoyajua: nikabandika karatasi ukutani nikawa namtia nyota, nikanunua stika, mama yake naye akaweka shilingi 50 kwa kila ukurasa atakaoufanyia mazoezi. Wiki tatu za mwanzo alikimbia. Halafu nikagundua anachagua kurasa zenye mistari michache.

Sasa sikiliza kilichoninyima usingizi. Jumamosi moja nilichelewa sokoni. Narudi na kikapu changu cha samaki, nasikia piano inalia ndani. Ni yeye, kafika mapema, kafunguliwa mlango na dada wa kazi. Anapiga wimbo wa harusini, na mkono wa kushoto unakwenda kichakacha, kitu ambacho mimi sijamfundisha. Nikasimama barazani. Akafika mahali fulani akasita. Akabonyeza sauti moja, akatikisa kichwa. Akabonyeza ya jirani yake, akatikisa kichwa. Akazibonyeza zote mbili pamoja, taratibu, akaziacha zilie mpaka zikafa, kisha akarudia tena.

Nikaingia. Akafunga kifuniko, akaweka mikono mapajani. Nikamuuliza, ulikuwa unapiga nini? "Si kitu, mwalimu." Na mimi, Bi Mshauri, badala ya kunyamaza, nikamwambia: "Pale ulikuwa unakosea, huwezi kupiga mbili. Chagua moja. Haya, tufungue kitabu." Akafungua kitabu.

Wakati wa kuondoka, anavaa viatu mlangoni, akaniambia bila kuniangalia: "Mtihani huu ukiisha nataka kuacha. Tafadhali usimwambie mama." Nikasema sawa.

Mama yake ni rafiki yangu. Analea peke yake, na hajawahi kuruka malipo hata miezi ya shida. Yeye ndiye aliyeniletea wanafunzi wanne wengine. Anataka binti achukue njia ya Sanaa na Michezo atakapoingia sekondari pevu, na anaamini vyeti hivi vitambeba. Kila Jumamosi ananiuliza, "Anaendeleaje?" Nami najibu, "Vizuri."

Nina pia kijana wa miaka 16 ambaye alikataa kitabu kabisa. Anakuja na simu, anataka chodi za nyimbo za harusi tu. Nimemwachia. Ana furaha, lakini nota hasomi, na kila nikimtazama naona kazi niliyoshindwa. Naogopa binti huyu naye atafuata njia hiyo.

Je, nivunje ahadi nimwambie mama? Tuache mtihani? Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu: mimi nilifundishwa kwa kitabu na rula ya vidoleni. Nikiondolewa karatasi mbele yangu, siwezi kupiga chochote. Nitamfundishaje mtoto kubuni, kitu ambacho mimi mwenyewe sina?

Mwalimu wa Jumamosi, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pamoja nawe pale barazani na kikapu cha samaki. Unasema una mtoto aliyepoteza hamu, mama anayetegemea vyeti, siri uliyokubali kuibeba, na mkononi huna ujuzi wa kumrudishia kilichopotea. Hayo manne umeyafunga fundo moja, ndiyo maana yanakuelemea. Naomba tuyalegeze kidogo kidogo.

Niruhusu nianze na neno hilo, "hamu". Mtoto asiye na hamu hafiki kabla ya saa yake. Haketi peke yake kutafuta sauti moja, kuiacha, kuitafuta tena. Ulichokiona Jumamosi ile ni mazoezi, tena ya aina ambayo walimu wengi hawabahatiki kuyaona. Kwa hiyo huenda swali la kujiuliza si hamu imekwenda wapi, bali kwa nini inafunga kifuniko ikikusikia unakuja. Sisemi hivyo kukuumiza. Mtoto hufunga kifuniko kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba kitu kilicho ndani ni kipya na kichanga, anaogopa kisiguswe.

Nyumbani je? Mama ameweka kibodi sebuleni? Nauliza kwa sababu nyumba zetu nazijua. Kibodi iko kando ya televisheni, mama yuko jikoni, na kila kosa linasikika mpaka uani. "Rudia hapo!" Sauti ya upendo, lakini ni sauti. Huenda nyumbani kwako, dakika 10 kabla hujarudi kutoka sokoni, ndipo mahali pekee katika wiki nzima ambapo anaweza kukosea bila shahidi.

Sasa ile sauti. Nataka tukae hapo, kwa sababu nadhani ndipo penye moyo wa barua yako hata kama wewe uliipitia haraka.

Marehemu mjomba wangu alikuwa akipiga fidla kwenye kundi la taarabu. Alikuwa akisema piano ni nyumba yenye vyumba vingi lakini korido hazimo. Vibonye 88, na kati ya kimoja na jirani yake hakuna kitu. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hauko hivyo. Shingo ya udi haina vizuizi, kidole kinasimama popote sikio linapotaka, na ukimsikiliza Zein l'Abdin wa Lamu utazisikia sauti hizo za katikati zikipita kama maji. Taarabu ya pwani imebeba maqamu za Kiarabu, yaani ngazi zao za sauti. Katika maqamu ya rasti, kwa mfano, ukianzia do, sauti ya tatu haikai kwenye kibonye cheupe wala kwenye cheusi kilicho kando yake. Inakaa baina yao. Mwimbaji wa harusini anaipata kwa koo lake bila kufikiri. Mpiga fidla anaipata. Piano hainayo.

Mimi sikuwapo, na wimbo wenyewe siujui, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndicho alichokuwa akikitafuta. Lakini mtoto anayebonyeza sauti mbili za jirani pamoja, kisha akasikiliza zinavyokufa, anafanana sana na mtu aliyesikia kitu cha katikati na anakitafutia mlango. Ulimwambia anakosea. Kwa kitabu chako ulikuwa sahihi. Kwa sikio lake, huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi na piano ndiyo iliyopungukiwa. Kuna vibodi vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, unashusha sauti moja kwa robo ukaipata. Hata kama huna, kumwambia tu kwamba sauti hiyo ipo duniani, ina jina, na watu wameipenda kwa karne nyingi, ni somo ambalo hakuna ukurasa wa Gredi ya 4 ulio nalo.

Kuhusu nyota na shilingi 50, usijilaumu, sote tumefanya. Lakini uliona mwenyewe kilichotokea: alianza kuhesabu mistari. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota kama wangechora. Wiki moja au mbili baadaye, walipoachwa wacheze wapendavyo, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupungua. Wale walikuwa watoto wadogo na kalamu za rangi, binti yako ana miaka 13 na yuko kwenye piano, kwa hivyo usiubebe utafiti huo kama sheria. Ila unatupa sababu ya kuuliza: ile shilingi 50 ilimnunulia mazoezi, au ilimfundisha kwamba mazoezi ni kazi ya kulipwa?

Na kabla hatujafika mbali: tumbo. Usiliite kisingizio hadi umeuliza. Ni binti wa miaka 13, mwili unabadilika, na huenda mwezi humjia na maumivu ambayo haya zinamzuia kuyasema kwa mwalimu. Uliza pia analala saa ngapi. Gredi ya 8 si mchezo.

Tuje kwenye mtihani. Njia ziko zaidi ya mbili. Mnaweza kuendelea kama mlivyo. Faida yake ni kwamba anamaliza alichoanza, na baadhi ya watoto huhitaji sana kumaliza kabla ya kuchagua. Hatari yake ni miezi ya kujaza fomu, na kuondoka akiwa na kumbukumbu hiyo. Mnaweza kuahirisha. Mnaweza pia kubadilisha aina ya mtihani. ABRSM wenyewe, tangu 2020, wana mtihani wa vipande vinne tu unaorekodiwa kwa video, na kimoja kati ya hivyo mwanafunzi huchagua mwenyewe ilimradi kiwe cha kiwango kile. Trinity College London, bodi nyingine ya mitihani, nao humruhusu mtahiniwa kupiga utungo wake mahali pa kipande kimoja, na kubuni papo hapo ni mojawapo ya majaribio anayoweza kuyachagua. Nimefurahi nikikuandikia hayo, halafu nikajizuia. Wimbo ule wa Jumamosi ni wake. Ukiuchukua ukaupeleka kwa mtahini akautie alama, huenda ukawa umemsaidia sana, na huenda ukawa umekifunga kifuniko kwa kufuli. Yeye tu ndiye anayeweza kukuambia ni lipi.

Siri ndiyo nzito zaidi, na sitaki kuifanya nyepesi. Ukimwambia mama kisirisiri, binti akijua, huenda usipate tena neno lake, na pengine mtu mzima yeyote asilipate kwa muda. Ukinyamaza mpaka Novemba, mama atagundua kwamba alikuwa akilipa huku wewe unajua, na urafiki wenu utaumia. Na hata leo, mwanangu, lile "vizuri" lako la kila Jumamosi si ukweli kamili. Kuna njia ya tatu, ya kurudi kwa binti kwanza: "Nilikubali kunyamaza haraka mno, na sasa nashindwa kumtazama mama yako. Unataka umwambie wewe, tumwambie pamoja, au unipe muda gani?" Hiyo nayo ina hatari yake. Anaweza kukuona umegeuka. Lakini utakuwa umegeuka mbele yake, uso kwa uso.

Ningependa pia usimhukumu mama kabla hajasema. Pengine unaogopa atakasirika na kuondoka na wale wanafunzi wanne. Inawezekana, na hofu ya unga ni hofu ya kweli. Lakini mwanamke anayelea peke yake na kulipa hata miezi ya shida, ndani ya fremu ile anaona nini? Pengine anaona uthibitisho kwamba mtoto wake hatakwama. Muulize kuhusu hilo badala ya kuhusu mtihani. Huenda mkagundua kwamba cheti ni jina tu la kitu kingine.

Kijana wa 16 simuoni kama kushindwa kwako. Bado anakuja, na ana umri ambao wengi wamekwisha kuacha. Siku atakapotaka kitu ambacho simu haina, utaona kama nota zitamvutia. Zisipomvutia, atapiga harusini, na watu watacheza.

Ila sitaki unisikie nikisema kitabu kitupwe. Kusoma nota kutampa binti muziki ambao hakuna mtu wa Malindi atakayemwimbia. Shinichi Suzuki wa Japani, aliyeanza na kufundisha watoto fidla, aliona kwamba kila mtoto husema lugha ya mama yake kabla ya kuisoma, akaujengea ufundishaji wake kwenye kusikiliza kwanza na kusoma baadaye. Sisi tunalijua hilo. Mtoto wa Lamu husikia tenzi zikighaniwa miaka mingi kabla hajasoma ubeti mmoja, na akifika kwenye maandishi anakutana na kitu anachokijua. Lile pigo la sita kwa nane linalowatesa wanafunzi kitabuni, binti huyu anakwenda nalo mkono wa kushoto, kwa sababu chakacha ameisikia tangu yuko mgongoni. Unaweza kumwonyesha kwamba kile anachokipiga na kile kilichoandikwa ni kitu kimoja. Au unaweza kusubiri akiulize mwenyewe.

Na sasa wewe. Unasema huwezi kupiga bila karatasi. Rula ile ya vidoleni ilikufundisha kwamba sauti isiyoandikwa ni kosa, ukaipokea ukiwa mdogo, ukamkabidhi binti Jumamosi ile bila kukusudia. Hujui kubuni, ni sawa, hujafundishwa. Lakini je, ni lazima ujue kabla yake? Shika vibonye vyeusi peke yake. Ni vitano katika kila kundi la sauti 12, na vimepangana hivi kwamba ni vigumu kupata mbili zinazogombana. Wewe chini, vibonye viwili tu, taratibu, narudia: taratibu. Yeye juu, apige atakacho. Dakika tano, kitabu kimefungwa. Utaona haya mwanzoni, vidole vitasita. Mtoto aliyezoea kukuona hukosei atakuona unatafuta. Sijui atafanya nini na jambo hilo. Wengine hucheka, wengine husogea karibu kwenye benchi. Kama ana upweke, mtafutie mwenzake wa kike wapige mikono minne piano moja. Huyo kijana wa 16 usimketishe naye benchi moja, wazazi wa huku unawajua.

Na huenda bado akaacha. Nalisema mapema ili lisije likakukuta huna nguvu. Kuna watoto huacha wakiwa na miaka 13 na kurudi wakiwa na 20, na wengine hawarudi ila huimba jikoni maisha yao yote. Hujui, sijui.

Jumamosi ijayo, kama moyo utakubali, chelewa kidogo kurudi sokoni. Ukifika barazani, kohoa, mpe nafasi ya kuamua kama atafunga au ataacha wazi. Ukiingia, muulize ile sauti aliyokuwa akiitafuta, na muombe aiimbe badala ya kuipiga. Koo lake linayo. Kisha keti, mtafute pamoja, wewe na yeye, inakaa kati ya kibonye gani na gani.

Niandikie uniambie ilikuwa wapi.

Bi Mshauri